Pikipiki ya Zamani Isiyowaka: Kuitafuta Hitilafu ya Moto kutoka Plagi hadi Sumaku

Honda C70, Honda CG125 za mwanzo, Yamaha na Suzuki za mapigo mawili za miaka ya 1970, na hata BSA chache zilizobaki tangu enzi za Mwingereza, bado hupatikana katika stoo za kahawa za Kibosho, Machame na Marangu, na katika nyua za nyumba kongwe za mjini Arusha. Nyingi hazikuharibikia njiani. Ziliegeshwa kwa sababu mwenyewe alizeeka, alihama au alinunua gari, zikakaa miaka katika unyevu wa migombani, panya wakitafuna nyaya na nyigu wakijenga ndani ya ekzosi. Anayeifufua pikipiki ya namna hiyo humaliza rangi, kiti na matairi bila taabu kubwa, kisha hukwama kwenye moto, yaani umeme wa kuwashia injini: anapiga kiki mpaka goti linamuuma na injini haijibu, au inajibu leo na kukataa kesho.

Hapo ndipo watu huanza kununua vipuri, na hilo ndilo kosa linalokula fedha nyingi kuliko yote. Koili, kifaa kinachokuza umeme kwa ajili ya plagi, hununuliwa kwanza, kwa kuwa inaonekana, inafunguka kwa bolti mbili, na kila duka la vipuri lina koili ya aina fulani. Lakini koili ni miongoni mwa vitu vinavyodumu sana katika mfumo huu, ilhali kondensa, pointi (ncha mbili za chuma zinazofumbana na kuachana injini inapozunguka), viungio vya nyaya na swichi hufa kwa kukaa tu. Zaidi ya hapo, pikipiki iliyofunguliwa yote na kupakwa rangi upya ina hitilafu zake za pekee ambazo pikipiki ya kila siku haina, yaani zile zilizotiwa na ukarabati wenyewe. Ndiyo maana katika maelezo haya kila dalili inafuatwa na kipimo, na kipuri hakitajwi mpaka kipimo kimeelekeza kwake.

Moto wako unatoka wapi

Mifumo ya pointi iko ya aina mbili, na kuichanganya ndiko kunakowapoteza hata mafundi wazuri waliozoea bodaboda za siku hizi. Aina ya kwanza haihitaji betri: sumaku inayozungushwa na krenki hupita karibu na koili ndogo iliyofungwa ndani yake, umeme unazalishwa, na pointi zinapoachana umeme huo husukumwa kwenda kwenye koili ya moto iliyofungwa juu kwenye fremu. Honda C70 ya volti 6 iko hivyo, na pikipiki nyingi ndogo za mapigo mawili za wakati huo ziko hivyo pia. Aina ya pili hutegemea betri: umeme hutoka betrini, hupita kwenye swichi ya ufunguo, huingia kwenye koili na kushukia ethi, yaani chuma cha injini na fremu, kupitia pointi. Betri ya mfumo huu ikiwa imekufa, hakuna moto.

Tofauti hiyo ina matokeo makubwa kwenye swichi. Katika mfumo wa betri, swichi hupeleka umeme kwenye koili, kwa hiyo waya wa swichi ukikatika moto unakosekana. Katika mfumo wa sumaku mambo yamegeuzwa: ufunguo ukizimwa, swichi huuunganisha waya wa moto na ethi ili umeme upotelee kwenye fremu, na ufunguo ukifunguliwa waya huo huachwa huru. Hivyo waya wa swichi uliokatika hauizuii injini kuwaka, bali huizuia kuzimika. Lakini waya huohuo ukichubuka na kugusa chuma, moto unakufa kabisa ingawa kila kipuri ni kizima.

Kama huna kitabu cha pikipiki, fungua ufunguo, chomoa waya unaoingia kwenye koili ya moto, kisha pima kwa mita kati ya waya huo na ethi bila kuzungusha injini. Ukiona volti za betri, una mfumo wa betri. Usipoona kitu, na betri na swichi ni nzima na fyuzi haijakatika, basi una mfumo wa sumaku.

Hakuna cheche hata kidogo

Toa plagi, irudishe kwenye kofia yake, ilaze kwenye mapezi ya silinda ili mwili wake uguse chuma kitupu, kisha piga kiki kwa nguvu. Iweke mbali na tundu la plagi, kwa sababu mvuke wa petroli unaotoka humo huwaka. Usipige kiki huku waya wa plagi ukining'inia hewani pia, kwa kuwa umeme usiopata njia ya nje huitafuta ndani ya koili, na koili iliyotobolewa hivyo haiponi.

Cheche isipoonekana, jaribu plagi nyingine ambayo umeiona kwa macho yako ikifanya kazi kwenye injini nyingine, wala si ile iliyotoka kwenye boksi la vipuri vya babu. Kisha zungusha kofia ya plagi mpaka itoke kwenye waya wake. Kofia nyingi za aina hiyo zina kizuizi cha ohm 5,000 ndani. Mita ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, kofia imekufa na gharama yake ni ndogo. Waya wenyewe hupata kutu ya kijani mahali skrubu ya kofia inapochoma, kwa hiyo kata milimita tano au sita za mwisho mpaka uone shaba safi. Sasa shika waya huo mtupu kwa kibanio cha nguo cha mbao, ncha yake iwe milimita tano hivi kutoka kwenye mapezi, na mwenzako apige kiki. Mfumo wenye afya huruka nafasi hiyo kwa cheche ya buluu yenye mlio mkavu.

Kama bado kimya, chomoa waya wa kuzimia injini kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Kwenye Honda nyingi ni mweusi wenye mstari mweupe, na ethi ni kijani. Kwenye pikipiki nyingine fuata waya unaotoka kwenye swichi na kuungana na waya wa pointi. Kipimo hiki hakichukui hata dakika moja, na katika mfumo wa sumaku kinatenga swichi, usukani na robo tatu ya nyaya zote.

Honda C70 moja kutoka Kibosho ilifikishwa gereji mjini Moshi ikiwa imeshabadilishwa koili zaidi ya mara moja. Mwenyewe, mzee mstaafu, alisimama pembeni akiwa na risiti mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ina koili mpya kabisa, usije ukaniambia ninunue nyingine."

"Hatununui kitu, mzee. Hebu nigeuze usukani kwanza."

Usukani ulipoelekezwa kushoto, cheche ilionekana. Ulipoelekezwa kulia, ikapotea. Wakati wa kuifunga upya baada ya rangi, aliyeirudisha alikuwa amezibana nyaya kwa mkanda wa plastiki palepale shingoni mwa fremu, mahali panapotakiwa kuachwa ulegevu ili usukani upate kuzunguka. Waya wa kuzimia ulikuwa umesuguka hadi shaba ikawa inagusa chuma kila usukani ulipokwenda kulia. Tepu na mkanda uliolegezwa vilitosha.

Rangi nayo inastahili kushukiwa kabla ya kipuri chochote. Koili ya moto hupata ethi kupitia bolti zinazoifunga kwenye fremu, sahani ya pointi hupata ethi kupitia ukingo wake unaokaa kwenye injini, na injini hupata ethi kupitia bolti zake. Fremu iliyopuliziwa rangi nzito, au iliyopelekwa kupakwa rangi ya unga na kuokwa, hugeuka kuwa kizuizi cha umeme katika maeneo hayo yote, na fundi wa rangi hana habari. Pima ukinzani kati ya mwili wa plagi na fremu, kati ya chuma cha koili na injini, kati ya sahani ya pointi na mapezi ya silinda. Mita isomapo zaidi ya ohm moja, kwangua rangi chini ya bolti mpaka chuma kionekane, paka grisi kidogo juu yake ili kutu isirudi, kisha funga. Mimi huongeza waya mzima wa ethi kutoka injini hadi fremu hata kama kiwanda hakikuuweka. Hauonekani ukipitishwa chini ya tenki na unaondoa mashaka.

Baada ya ethi, pointi. Nyuso zake hufunikwa na utando mwembamba wa kijivu usiopitisha umeme, hata kama kwa macho zinaonekana safi, na pointi mpya hutoka kiwandani zikiwa na mafuta ya kuzikinga na kutu ambayo hufanya vilevile. Zisugue kwa faili jembamba au msasa laini, halafu pitisha kati yake kipande cha karatasi nyeupe kilicholoweshwa petroli, pointi zikiwa zimekibana, na ukirudie hadi karatasi itoke bila doa. Karatasi hiyo ina thamani kuliko msasa, kwani punje za msasa zilizobaki ndani hufanya kazi ileile ya uchafu. Kama pointi zimelowa oili, usafishaji hautadumu: oili sili ya krenki upande wa sumaku imekwisha na lazima ibadilishwe.

Kwenye mfumo wa betri fuata volti. Ufunguo ukiwa umefunguliwa na pointi zimefumbana, pima kwenye waya unaoingia kwenye koili. Upotevu wa volti moja kwenye betri ya volti 12 unavumilika, lakini kwenye betri ya volti 6 umeshapoteza sehemu moja kati ya sita, na asubuhi za Juni na Julai za Arusha hiyo ndiyo tofauti kati ya kuwaka na kutowaka. Chanzo chake karibu kila mara ni swichi ya ufunguo iliyooza ndani au kiungio chenye kutu. Usiache ufunguo wazi muda mrefu pointi zikiwa zimefumbana, kwani koili itachemka.

Cheche ipo, lakini injini haiwaki au inamisi

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Cheche inayoonekana plagi ikiwa nje haithibitishi kwamba ipo ndani, kwa sababu hewa iliyobanwa na pistoni inahitaji umeme wenye nguvu kubwa mara kadhaa kuliko hewa ya kawaida. Cheche nyembamba ya njano au nyekundu inayoruka milimita moja nje, ndani ya silinda hairuki kabisa. Kibanio cha nguo na nafasi ya milimita tano ndivyo vinavyosema kweli.

Kabla ya kuulaumu moto, itazame plagi baada ya kiki kadhaa. Ikiwa kavu, petroli haifiki, na shida yako iko kwenye kabureta au bomba la tenki. Ikiwa imelowa, petroli inafika na uchunguzi wa moto uendelee. Ikiwa imejaa masizi meusi makavu, fikiria pia mwinuko: Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani humwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Masizi hayo hupitisha umeme, cheche ikavuja juu yake badala ya kuruka, na mtu akadhani koili imechoka. Moshi, iliyo chini ya mita 1,000, haisumbui kiasi hicho, ingawa ukipanda kuelekea Kibosho au Marangu habari hubadilika.

Namba ya plagi nayo ina maana yake. Kwenye plagi za NGK, namba kubwa ni plagi inayopoa haraka na namba ndogo ni inayobaki na joto. C70 hutumia C7HSA na CG125 hutumia D8EA. Anayetia plagi ya namba kubwa zaidi kwa kudhani ni bora anapata plagi isiyofikia joto la kujisafisha na inayoziba kwa masizi. Nafasi ya plagi kwa Honda hizi ni milimita 0.6 hadi 0.7.

Kisha ngoja usiku. Umeme ukikatika mtaani, ndio wakati mzuri zaidi: washa injini ikiwa inakubali, au piga kiki tu, na utazame waya wa plagi gizani. Waya wa miaka mingi huwa na nyufa ndogo, na cheche za buluu zitaonekana zikirukia tenki au mapezi. Ukiupulizia maji kidogo, zitaongezeka. Hitilafu hiyo ndiyo inayojitokeza kama pikipiki isiyotaka kuwaka asubuhi za ukungu lakini inayowaka vizuri jua likishatoka, na haina uhusiano wowote na uzito wa oili ingawa wengi husema hivyo.

Kama waya ni mzima na cheche bado ni dhaifu, rudi kwenye pointi na upime nafasi yake kwa fila (bapa nyembamba za kupimia nafasi) zikiwa zimefunguka kabisa. Kwa Honda ndogo ni milimita 0.3 hadi 0.4. Katika mfumo wa sumaku nafasi hiyo inagusa zaidi ya wakati wa moto, kwani pointi zinatakiwa kuachana katika ile nukta fupi ambapo umeme wa koili ya ndani uko kileleni. Nafasi ikikosewa, cheche hudhoofika ingawa kila kitu ni kipya.

Usipigilie sumaku kwa nyundo ili itoke kwenye krenki, hata kama umewaona wengine wakifanya hivyo. Mapigo huipunguza nguvu ya usumaku, huweza kuipasua, na huumiza beringi ya krenki. Pula yake hupatikana, na ikikosekana, fundi wa kerezo ataichonga kwa muda mfupi ukimpelekea sumaku yenyewe ili apime nyuzi.

Kondensa, mshukiwa anayestahili muda

Kondensa ni kikopo kidogo chenye waya mmoja kilichounganishwa sambamba na pointi. Kazi yake ni kuupokea umeme pointi zinapoachana, ili usiruke kama cheche kati ya pointi zenyewe na ili usumaku wa koili uanguke ghafla. Kuanguka huko kwa ghafla ndiko kunakozaa moto wa plagi. Ikifa kwa ndani kwa kukatika, pointi hutoa cheche kubwa ing'aayo unapopiga kiki, huungua na kuwa nyeusi au za buluu, na plagi hupata moto hafifu. Ikifa kwa kuungana, hakuna cheche popote, si kwenye pointi wala kwenye plagi, kwa kuwa umeme wote unakwenda ethi. Ukubwa wake ukiwa si sahihi, chuma huhama kutoka pointi moja kwenda nyingine, upande mmoja ukachimbika shimo na mwingine ukaota kilima. Cheche ndogo ya buluu kwenye pointi ni ya kawaida, isikutie hofu.

Mita ya kawaida haiwezi kuihukumu vizuri. Hata mita inayosoma uwezo wa kondensa huipima kwa volti chache na ikiwa baridi, ilhali kazini hupigwa na mamia ya volti karibu na injini ya moto. Kipimo cha uhakika ni kubadilisha kwa muda. Tafuta kondensa ya gari la zamani la pointi. Land Rover za zamani hazijaisha Arusha, na gereji nyingi zina distributa iliyotupwa yenye kondensa nzima. Uwezo wake unakaribiana na wa pikipiki, yaani mikrofaradi 0.2 hivi. Katisha waya wa kondensa ya zamani, kwa sababu ikiwa imeungana ndani itaendelea kuua moto hata ukiweka nyingine kando yake. Kisha unganisha ya gari nje, waya wake kwenye waya wa pointi na mwili wake kwenye ethi. Moto ukirudi, umeshapata mwizi wako.

Kwa suluhisho la kudumu, kondensa mpya za bei nafuu zinazouzwa kama vipuri vya pikipiki za zamani haziaminiki, na nyingine hufa mapema kuliko ile uliyoitoa. Ninapendelea kwenda kwa fundi redio na kuomba kapasita (ndiyo kondensa kwa lugha yao) ya plastiki ya mikrofaradi 0.22 yenye uwezo wa kustahimili volti 400 au zaidi. Ya volti 630 ni bora. Inalehemiwa kwenye waya wa pointi na ethi, inafunikwa kwa mpira unaojibana kwa joto, na inafungwa karibu na koili ya moto mbali na joto la injini. Wapenda asili watanung'unika kwamba kiwanda hakikuiweka hapo. Wanaotaka sura ya asili waache kopo la zamani mahali pake likiwa limekatwa waya.

Inawaka vizuri, halafu inazima ikipata joto

Dalili hii ina mwigizaji mmoja ambaye si wa moto: tundu la hewa la kifuniko cha tenki likiziba kwa rangi mpya au vumbi, petroli huacha kushuka baada ya kilomita kadhaa. Injini ikizima, fungua kifuniko mara moja. Ukisikia hewa ikivutwa na pikipiki ikawaka, usihangaike na koili.

Kama sivyo, pima cheche palepale kando ya barabara kabla injini haijapoa. Kipimo cha nyumbani baada ya saa nzima hakina faida. Cheche ikiwa imekufa, lowesha kitambaa na ukizungushie koili ya moto kwa dakika chache. Moto ukirudi, koili imechoka, na hapa kununua ni halali. Usiporudi, mshukiwa ni kondensa, na baada yake koili ya ndani ya sumaku, ambayo waya wake mwembamba hupanuka kwa joto na kuachana. Koili ya ndani pia hutafunwa: sumaku iliyolegea kwenye krenki hugusa kingo zake, na alama za mkwaruzo zitaonekana wazi ukiifungua.

Inarudisha kiki, inapiga fataki, au haina nguvu

Kiki inayorudi kwa nguvu na kuupiga mguu maana yake ni moto unaowahi. Injini inayochemka, isiyo na nguvu kwenye mwinuko, yenye ekzosi inayobadilika rangi na kupiga fataki, ina moto unaochelewa. Kuchelewa ndiko kunakotokea zaidi kwa pikipiki za zamani, kwa sababu kisigino cha pointi kinachopanda juu ya kamu, ile nundu inayozunguka na kuzifungua, huisha taratibu, nafasi hupungua, na pointi hufunguka baadaye kuliko ilivyopangwa. Kitone cha grisi kwenye kamu hupunguza ulaji huo. Kikizidi hurukia pointi na kukurudisha mwanzo.

Kwenye C70 sumaku ina alama ya T kwa pistoni kuwa juu kabisa na alama ya F kwa wakati wa moto. Zungusha sumaku upande uleule injini inakozungukia. Pointi zianze kuachana pale F inapolingana na alama ya kwenye injini. Kuiona nukta hiyo kwa mita kuna mtego mmoja: katika mfumo wa sumaku koili ya ndani ina ukinzani mdogo sana, kwa hiyo mita itaonyesha badiliko dogo tu pointi zinapoachana, wala haitaruka kutoka sifuri hadi kukatika kabisa. Chomoa waya wa koili ya moto na utazame badiliko hilo kwa makini, au shikiza karatasi ya sigara kati ya pointi na uivute polepole mpaka iachiwe. Katika mfumo wa betri, taa ndogo iliyounganishwa kati ya waya wa pointi na ethi huwaka papo hapo pointi zinapofunguka.

Injini za mapigo mawili mara nyingi hupimwa kwa umbali wa pistoni. Yamaha DT175 ya pointi, kwa mfano, huwasha milimita 1.8 kabla ya pistoni kufika juu, na kipimo hicho kinahitaji geji ya saa inayoingia kwenye tundu la plagi, si kukadiria kwa bisibisi.

Ikiwa alama zinalingana na injini bado inatenda kama iliyokosewa, ikague kii ya nusu mwezi inayoishika sumaku kwenye krenki. Ikikatika nusu, sumaku huzunguka kidogo kwenye krenki na alama zake zinaanza kusema uongo. Tumia mrija laini wa kunywea soda kwenye tundu la plagi kuhisi pistoni inapofika juu, na uone kama T inakubaliana nayo. Waya wa spoku usitumike kwenye injini ambayo tundu lake la plagi limelala upande, kwani hubanwa na kupindia ndani.

BSA na ndugu zake wenye magneto ya Lucas

Magneto ni chombo kimoja kinachozalisha moto bila betri. Pikipiki hizi ni chache na zinastahili maelezo marefu kuliko haya, lakini mambo mawili yanatosha kuanzia. Nafasi ya pointi ni inchi 0.012, yaani milimita 0.30. Toa kishikio cha waya wa plagi pembeni mwa magneto, ingiza kitambaa safi chenye petroli kwenye tundu lake kwa kijiti cha mbao, na zungusha injini polepole ili pete ya ndani isafike. Vumbi la kaboni lililojikusanya hapo huua moto bila kuacha dalili nyingine. Injini inayowaka baridi na kukataa moto kabisa ikipata joto ina kondensa iliyochoka ndani ya amecha, yaani sehemu ya magneto inayozunguka, na hiyo ni kazi ya mtu mwenye vifaa. Anayeamua kuifungua mwenyewe aondoe kwanza kishikio hicho, brashi ya ethi na skrubu ya usalama kabla ya kuivuta amecha, la sivyo ataivunja pete hiyo, na kuipata nyingine si jambo la siku moja.

Kuhamia CDI

Wengi huchoka na pointi na kutamani CDI ya bodaboda, yaani moto wa kielektroniki usiotumia pointi, na kwa CG125 wazo hilo lina mantiki, kwa kuwa injini hiyo iliyotoka mwaka 1976 ndiyo iliyonakiliwa na viwanda vingi vya China na vipuri vyake vimejaa madukani. Hata hivyo CDI ziko za aina mbili zisizobadilishana: moja hulishwa na koili maalumu iliyo ndani ya sumaku, nyingine hulishwa na betri ya volti 12. Pikipiki ya volti 6 isiyo na koili hiyo haiwezi kuendesha hata moja kati ya hizo kwa kubadilisha kiboksi peke yake. Lazima sumaku, sahani yake na kiboksi vitoke kwenye seti moja.

Kabla ya kulipia seti, safisha ncha ya krenki, ipake wino wa kalamu ya alama, pachika sumaku mpya kwa mkono bila kii na uizungushe kidogo. Wino ukifutika sehemu kubwa na kwa usawa, mwinamo wa krenki na wa sumaku unakubaliana. Ukifutika pembeni tu, au kwenye mdomo tu, sumaku hiyo itakata kii siku za mwanzo hata nati ikikazwa namna gani, na irudi dukani.